Kikombe cha Chaguo la Kwanza

Mwaka huu tumekula maboga. Asubuhi boga la kuchemsha, mchana boga la kupondwa na karanga, jioni majani ya boga na ugali kidogo wa kusingizia. Mahindi yaligoma, maboga yakakubali, mpaka wajukuu wangu wakiona kitu cha mviringo wanauliza kama kimeiva. Basi wekeni kumbukumbu: ni mwaka wa maboga, ni Jumamosi, na mimi Bibi Skola wa Izia, leo nimeumbuka.

Nimeumbuka mchana kweupe. Mbele ya kata nzima. Nikiwa na kiatu kimoja.

Naandika mwenyewe humu kundini, kwa kidole kimoja (darasa la pili nilitolewa nikachunge, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe). Naandika haraka kwa sababu kuna video. Aliyeirekodi alikuwa anacheka, simu inatetemeka, lakini uso wangu unaonekana vizuri mno. Ninyi wenzangu mliohamia Matai, na ninyi mlioolewa bondeni Mtowisa, itawafikia muda si mrefu. Afadhali mnisikie mimi kwanza.

Mnajua mambo ya mpira wa huku. Baada ya mavuno, Izia ya Juu inacheza na Izia ya Chini. Zamani kila upande ulikuja na vijana wake, lakini walikuwa wanaibiana wachezaji mpaka watu wakarushiana mawe. Wazee wakakata shauri: wachezaji wote wasimame mstari mmoja, kila upande uwe na mlezi wake, na walezi wachague mmoja mmoja kwa zamu. Aliyefungwa mwaka uliopita ndiye anayeanza. Ukimtaja mtu anakuja mbele yako, unampa kikombe cha togwa. Akishakunywa ni wako. Hakuna kurudisha, hakuna kubadilishana, hakuna "nilikuwa natania". Togwa ikishapita kooni, imepita.

Mlezi wa Juu ni mimi. Mlezi wa Chini ni Mzee Fidelisi, mdogo wake marehemu mume wangu. Shemeji huyo tangu niolewe ananiita mke wake, na tangu niolewe hajawahi kunibebea hata kuni moja.

Sasa adhabu. Mlezi aliyefungwa anabeba sufuria ya chakula kichwani, yeye mwenyewe, si mkwe wala mjukuu, mpaka uani kwa mshindi. Anaitua. Anapiga goti. Anamnawisha mikono watu wakiangalia. Mimi nimemnawisha Fidelisi miaka mitatu. Mwaka ule tuliokula ulezi mtupu, nilimnawisha. Mwaka wa migebuka, magari ya Kasanga yalipokuwa yanamwaga samaki mpaka paka wakachagua, nilimnawisha. Mwaka jana, wa viazi vitamu, nilimnawisha, naye akakunja shati akasema, "Na hapa kwenye kiwiko, shemeji."

Kiwiko! Mtu anakula kwa kiwiko?

Pale pale niliapa. Mwaka wa nne sinawishi mtu.

Basi leo asubuhi nachuja togwa, mkwe wangu Yustina akaja akavuta kigoda. Yustina ni mke wa mwanangu mkubwa, na mpira anaujua. Anasikiliza redio huku anapepeta maharage, na beki akikosea huko Dar es Salaam, maharage yanaruka mpaka kwenye banda la kuku.

"Mama, leo tunaanza sisi kuchagua."

"Najua."

"Tumchukue Yohana."

Yohana ni fundi ujenzi. Anasimama juu ya jukwaa la miti kutwa nzima, wa chini anamrushia tofali, yeye anadaka. Anadaka kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mwiko. Uwanjani ni kipa.

"Yohana hakimbii," nikamwambia.

"Mama, ni kipa! Akimbie aende wapi?"

"Kusimama hata mlingoti unasimama. Mimi nachukua mwenye mbio."

Yustina akashika kichwa. Halafu akaanza kunihesabia kwa vidole, na mimi kitu ninachokichukia duniani ni kuhesabiwa. "Mwaka wa ulezi ulianza na mwenye mbio. Akateguka kifundo kabla ya mapumziko. Mwaka wa migebuka ukaanza na mwenye mbio. Dakika ya kumi akaomba uji. Mwaka jana mwenye mbio wako alikimbia vizuri sana, mama, alikimbia mpaka stendi akapanda basi la Mbeya, na mpaka leo hatujui alikuwa anamkimbia nani. Wenye mbio wamejaa mji huu. Hata ukichagua wa sita, hata wa saba, mwenye mbio utampata. Miguu inaisha haraka. Lakini kipa wa kudaka tofali ni mmoja tu. Tuanze na kipa, tuweke mabeki wawili, ndipo tutafute wa kukimbia."

(Yote ni kweli. Ndiyo maana niliudhika.)

Nikaweka chini chujio. Nikamwangalia. Nikamjibu: "Sitaki. Leo sitaki, kesho sitaki, na mwakani mkinikuta hai bado sitaki."

"Haya, mama," akasema Yustina, akainuka. Lakini ile "haya" yake ilikuwa na miguu minne.

Msifikiri nilikuwa nakurupuka. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe inaitwa Masanja. Huyu ni kijana wa Kisukuma, watu wake walihamia bondeni na ng'ombe, naye amepanda huku juu wiki hii kuleta ng'ombe wa mjomba wake mnadani. Jumatano nilikuwa naanika maboga ukutani, nikasikia watu wanapiga kelele. Dume limekata kamba! Linashuka barabara kama gari lisilo na breki. Masanja akavua katambuga zake, akaziweka vizuri pembeni, zote mbili zikitazama upande mmoja, ndipo akaanza kukimbia. Kwanza akazivua, jamani! Na bado alilipata. Alilifikia, akaenda nalo sambamba kama wanazungumza, akalishika sikio, likasimama. Dume lenyewe lilishangaa.

Na mimi kwa miguu si mgeni. Maksai wa mume wangu nilikuwa nawachagua mimi. Yeye alikuwa anatoka na kamba tu, mimi ndiye niliyekuwa naangalia kwato, goti, paja. Hatukuwahi kurudi na maksai mbovu. Nilivyouona mguu wa Masanja nilijua: Fidelisi, mwaka huu utanawisha wewe.

Swali moja tu sikumwuliza Masanja. Mtaliona wenyewe.

Saa nne tukawa kiwanjani. Upepo wetu mnaujua, unapita ndani ya sweta kama haulioni. Vijana wamesimama mstari, wanaruka ruka kupata joto. Masanja naye yupo, amejifunga shuka, fimbo begani. (Kanuni yetu inasema aliyelala Izia siku tatu ni wa Izia. Yeye alikuwa ameshalala nne.) Mzee Fidelisi ameketi, koti kubwa, miguu ameinyoosha kama mtu aliyekwisha kunawishwa.

"Karibu, mke wangu," akasema. "Chagua tukuone."

Yohana alikuwa ameshatanguliza mguu mmoja mbele. Kila mtu alijua. Watu wangu wa Juu wananiangalia kama watoto wanaosubiri ukoko.

Nikajaza kikombe. Nikapaza sauti: "Masanja!"



"Nani?" akauliza mtu nyuma.

Masanja akaja. Akakabidhi fimbo kwa jirani. "Shikamoo, bibi." Akanywa togwa yote, akajifuta mdomo. "Asante, bibi. Ipo nyingine?"

Fidelisi hakungoja hata kikombe kirudi. "Yohana!" akaita, huku anacheka mpaka koti linacheka. Yohana akanywa. Nikasikia mtu wa Juu anaguna kama amekanyaga mwiba. Alikuwa Yustina.

"Shemeji," Fidelisi akaniambia kwa sauti ya kunihurumia, na kuhurumiwa na Fidelisi ni kubaya kuliko kufungwa, "nimekuambia kila mwaka. Mguu ni kitu cha msimu. Wenye mbio ni wa kuokota mwishoni."

"Msimu utauona jioni," nikamjibu.

Tukaendelea. Yeye akachukua beki. Mimi nikachukua mwenye mbio wa pili. Yeye akachukua beki mwingine, yule mpana anayebeba magunia mashineni. Mimi nikachukua mwenye mbio wa tatu. (Nikianza kitu simalizi nusu.) Mwisho wa yote nikahesabu: wakimbiaji nimejaza uwanja, kipa sina. Na kwenye mstari amebaki mtu mmoja. Deusi, fundi baiskeli.

"Deusi, njoo."

"Bibi, mimi nimekuja kuangalia tu."

"Kunywa."

"Kuna watu wameniachia pancha, bibi, nimewaahidi leo leo."

"Deusi! Kunywa!"

Akanywa kama anakunywa dawa ya minyoo.

Saa tisa mpira ukaanza. Viti vya walezi viko pamoja pembeni, katikati ya uwanja, ili watu watuone vizuri tukiumia. Niliketi nimejipamba: kitenge cha Pasaka, kilemba cha kuwekea kichwa juu, viatu vya kuazima kwa Yustina (vilinibana, lakini ushindi ukija unataka viatu).

Mara ya kwanza Masanja kupewa mpira, uwanja mzima ulisimama. Alitoka! Mama yangu! Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Yule beki mpana aligeuka akakuta vumbi tu. Mimi nimeshasimama juu ya kiti, napiga vigelegele, namwonyesha Fidelisi kidole. Masanja akafika golini kwa Yohana, akasimama. Yohana akamtazama. Yeye akamtazama Yohana.

Akageuka akaniita kutoka kule mbali: "Bibi! Nimefika! Sasa?"

Mpira alikuwa ameuacha katikati ya uwanja. Uko pale umetulia, hakuna hata aliyeugusa, kila mtu alikuwa anamwangalia yeye.

Hilo ndilo swali ambalo sikumwuliza. Masanja hajawahi kucheza mpira maisha yake yote.

Nikashuka kwenye kiti polepole. Fidelisi alikuwa anajifuta machozi kwa ukosi wa koti.

Lakini msicheke bado. Mpaka mapumziko ilikuwa sifuri kwa sifuri. Wale wa Chini walikuwa wanakuja, wanapiga, inagonga mwamba, wanapiga, inampata Deusi mgongoni akiwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Bahati ilikuwa yangu. Nikamwita Masanja pembeni. Watu wengine wanakula machungwa mapumziko, sisi tunakula boga, nikampa kipande kikubwa.

"Mjukuu wangu, nisikilize. Ule mpira ndio ng'ombe."

Akaacha kutafuna.

"Mchungaji hamwachi ng'ombe akimbie peke yake, sivyo?"

"Hapana, bibi! Utapigwa!"

"Basi usimwache. Nenda naye taratibu, mguu kwa mguu. Yeyote akija kumchukua, mnyang'anye. Na goli ndilo zizi. Mwingize ng'ombe zizini, tumemaliza."

Macho yake yakawaka. "Aaa! Kumbe ni hilo tu? Bibi, mngeniambia tangu mwanzo tungekuwa tumeshaenda nyumbani."

Nikarudi kitini nimevimba. Nikamwambia Fidelisi, "Shemeji, kakate kucha. Jioni unanishikia jagi."

Kipindi cha pili, wenzangu, yule hakuwa mtu tena. Mpira ulipofika kwa wale wa Chini, kule kabisa kwenye kona yao, Masanja akaufuata. Akaingia katikati yao watatu. Akapiga mluzi mmoja mwembamba, ule wa jioni mifugo inaporudi. Sijui alifanyaje, akatoka na mpira uko mguuni kama ndama aliyefungwa kamba. Anaugusa huku, anaugusa kule. Anakuja mtu, anamzunguka. Anakuja wa pili, Masanja anamnyooshea mkono tu, "Shii, shii!", na yule mtu mzima anapisha. Sijawahi kuona! Yuko hatua kumi na goli la Yohana! Yohana ameshapanua mikono yake ya tofali. Watu wa Juu wanalia kwa furaha. Mimi nimesimama, nimeshika bega la Fidelisi, namtikisa: "Jagi! Jagi, shemeji!"

Halafu Masanja akageuka.

Akazungusha ng'ombe wake duara kubwa zuri, taratibu, kama mtu anayejua njia, akaelekeza uso kwetu. Kwenye goli letu. Na hapo ndipo akaongeza mwendo.

Nikatazama goli letu. Halina mtu.

Deusi alikuwa nyuma ya goli. Baiskeli ameigeuza miguu juu, amechutama, mpira wa ndani wa tairi ameuzamisha kwenye beseni la maji, anatafuta panapotoa povu. Mwenye baiskeli amesimama juu yake anamharakisha.

"Deusi!" nikaita.

"Nakuja, bibi! Nimeshalipata tundu!"

Wachezaji wangu wanamkimbiza Masanja. Wote ni wenye mbio, niliwachagua mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyemkaribia. Hii ndiyo kazi niliyoifanya asubuhi: nilimchagua mtu ambaye hakuna wa kumshika.

Sasa nini kilinipata sijui. Najua tu nilikuwa kitini, na baadaye sikuwa kitini. Nilikata uwanja mshazari. Kiatu cha Yustina cha kushoto kikabaki, nikakiacha. Kilemba kikadondoka, nikakiacha. Kitenge nimekishika kwa mikono miwili juu ya magoti (miguu yangu hii ilikuwa haijaona jua tangu mwaka wa mihogo). Nasikia watu wanaimba, "Bibi! Bibi! Bibi!" Wa Juu na wa Chini, sauti moja, mara ya kwanza tangu warushiane mawe. Yule refa, mwalimu, nilimpita. Nilimpita mtoto wa dada yangu, winga wangu wa pili, akapisha akasema "Shikamoo."

Nikafika golini kabla ya Masanja. Nikageuka. Nikapanua mikono kama ninavyozuia maksai mlangoni: "Haaa! Rudi! Rudi!"

Mpira ukanipata tumboni. Nikaukumbatia. Nikakaa chini. Nikaukalia.

Hata upepo ulikaa.

Masanja akasimama mbele yangu, hata hahemi. "Bibi, mbona umeziba zizi?"

"Zizi letu ni lile kule!" nikamwonyesha goli la Yohana.

Akageuka akaliangalia. Akanirudia kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Lile la wale? Bibi, ng'ombe nimemnyang'anya kwao, tena nikamwingize kwao? Kwetu ng'ombe anarudishwa nyumbani."

Nikaukalia vizuri zaidi.

Refa akaja. Akasimama, akafikiri. Kwenye kitabu chake bibi hayumo.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

"Naomba utoke juu ya mpira."

"Nimechoka."

"Naelewa, bibi. Lakini itabidi nikupe kadi." Akatoa ile nyekundu. Na kwa vile ni kijana aliyelelewa vizuri, akainyoosha kwa mikono miwili, akainama kidogo. Na mimi niliyelelewa vizuri nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

(Kumbe haipokelewi. Inaangaliwa tu. Video inaanzia hapa.)

Akaweka penati. Watu wa Juu wakabisha kwamba bibi si mchezaji, wa Chini wakabisha kwamba mbona amedaka. Deusi akarudi golini, mikono yote gundi, anaipangusa kwenye kaptura. Alikuwa bado anapangusa mpira ulipompita. Moja bila. Filimbi ya mwisho.

Nikaenda kuchukua sufuria. Nikakuta imeshaiva. Boga na kuku wawili, wali pembeni, kila kitu kimefunikwa vizuri. Nikamwuliza Yustina: "Wewe umepika saa ngapi?"

"Mama, Yohana alipomaliza kikombe cha Chini tu, nikaja kuwasha moto."

Nikajitwisha. Nikatembea na kiatu kimoja mpaka uani kwa Fidelisi, na kata nzima inanifuata kama harusi. Nikatua. Nikapiga goti. Nikashika jagi. Mwaka wa nne.

Nilikuwa nasubiri neno la kiwiko. Nilikuwa nimeshaliandalia jibu, baya. Hakusema. Alinyoosha mikono, nikamnawisha, akaifuta. Akaniangalia mtu yule, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, bila kucheka.

"Shemeji, leo nimekubali," akasema. "Nilikuwa nimekosea. Mwenye mbio ni wa kuchaguliwa kwanza."

Moyo wangu ukatulia, jamani. Kumbe ananiheshimu! Kumbe ni mtu! Na koo langu lilikuwa kavu, tangu nikate uwanja sijanywa hata maji, mdomo umejaa vumbi. Naye akageuka, akachukua kikombe, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nikawaza, basi, damu ya mume wangu hii, ameniona nimechoka, amenionea huruma.

Nikanywa. Nikanywa yote. Nikageuza kikombe nikakung'uta.

Ilikuwa togwa.

"Kanywaaa!"

Ua lote liliruka. Watu wamekumbatiana. Yohana anapiga makofi kwa ile mikono ya tofali: "Karibu Chini, bibi! Nimekuona unavyodaka!" Fidelisi amesimama, koti limefunguka, anawaonyesha watu kikombe kitupu huku na huku kama padre. "Mmeona wote? Amekunywa mwenyewe! Mwakani chaguo langu la kwanza ni huyu hapa. Atacheza pembeni!"

"Sikujua!" nikasema. "Nilikuwa na kiu!"

"Ikishapita, imepita, bibi," akasema Masanja, mdomo umejaa kuku wangu. Amekaa siku nne tu hapa, ameshajua sheria zote isipokuwa ya goli.

Nikasimama. Nikaanza kubishana. Na hapa ndipo nilipoumbuka kuliko kwenye kadi. "Mtu mzima hawezi kuanza na mwenye mbio!" nikawaambia. "Miguu inaisha haraka! Mguu ni kitu cha msimu! Wenye mbio mnaokota mwishoni, hata wa sita, hata wa saba! Anzeni na kipa!"

Nikamsikia Yustina nyuma ya sufuria, sauti imekatika kwa kucheka: "Mama, si ndiyo niliyokuambia asubuhi?"

Na tayari watu wangu wa Juu wanapeana mikono, mlezi mpya ni Yustina. Hawakungoja hata nitoke uani! Fidelisi akanisogelea, akashusha sauti. "Fikiria, mke wangu. Ukija Chini, hutaninawisha tena. Mwakani utakaa hapa pembeni yangu, na yule mkwe wako atatunawisha wote wawili."

Sikilizeni, mimi si malaika. Nilifikiri. Niliona maji yanapita mikononi mwangu kwa mara ya kwanza. Nilifikia mpaka kwenye kiwiko.

Halafu nikaiona miguu yangu, mmoja na kiatu, mmoja na vumbi. Mimi ndiye ninayechagua miguu. Niliichagua ya maksai, niliichagua ya Masanja, na hata nikikosea, nimekosea mimi. Sijazaliwa kusimama kwenye mstari naruka ruka nangoja Fidelisi anitaje.

Nikajitwisha sufuria tupu. Nikatoka.

Nimefika nyumbani, miguu iko kwenye maji ya chumvi, wajumbe watatu wa Chini wapo mlangoni na jezi. Namba saba. Wanasema waipime kama inanitosha. Na ninyi humu kundini msianze kunitumia vile vichwa vinavyolia kwa kicheko, najua mnavyo. Jibu nimewapa, na ninyi nawapa, ni lile lile la asubuhi, sijapunguza neno.

Sitaki. Leo sitaki, kesho sitaki, na mwakani mkinikuta hai bado sitaki.